Jiwe Linyweshwe Kwanza

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu Haraka,

Salamu kutoka uani kwetu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika, na hayo yalianza kulalamika kabla hujaota meno. Wewe je, hujambo? Unakula? Najua utajibu "ninakula, Shangazi", kwa hiyo swali langu la kweli ni hili: unakula nini?

Babu yako tumemzika Alhamisi. Nilikueleza kwa simu, lakini siku ile mimi nilikuwa nalia na wewe ulikuwa kimya, sijui nani alisikia nini. Nakuandikia upya, taratibu, kama mwenyewe alivyopenda mambo yaende.

Alifia kazini. Alikuwa anachonga jiwe la kaburi la yule mama muuza mkaa. Mimi nimekaa upande wangu na birika langu, namimina maji pale tindo inapopiga, kama nilivyofanya tangu nikiwa na meno ya utotoni. Akasimamisha nyundo. Nikadhani anapima mstari. Akaniambia, "Bibi Birika, maji yanatosha." Nikaacha kumimina. Mwanangu, miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema maji yanatosha. Wewe si unajua, ukipunguza tu alikuwa anafoka: jiwe linyweshwe kwanza, jiwe linyweshwe! Nilipoinua macho alikuwa ameinamia jiwe la watu, kipaji cha uso kimelala kwenye maji. Nilimwita kwa jina lake, kitu ambacho sijawahi kuthubutu. Hakunigombeza, ndipo nikajua.

Watu walikuja hadi barabara ikajaa. Kila mmoja ana mtu wake ambaye Babu alimwandika. Na yeye aliyeandika majina ya wafu wa mji mzima amelala chini ya kijiti cha mti na kibati kilichoandikwa kwa rangi. Baba yako mkubwa anaona aibu. Simlaumu, msiba mzima alisimama kama nguzo, na tangu ndugu yetu baba yako alipofariki ameubeba ukoo huu peke yake. Anataka jiwe liwekwe mwezi huu huu, lililotengenezwa tayari, la kununua. Nimemkatalia. Nimemwambia baba yetu alifundisha jiwe halisimami juu ya udongo mbichi. Mvua kubwa ipite kwanza, kaburi lishuke lote, ndipo mtu aweke jiwe. Alizipanga foleni familia za watu kwa sheria hiyo, leo yeye aruke foleni?

Na nimemwambia jambo la pili. Nimesema jiwe la Babu litachongwa na Haraka, maana ndiye aliyefundishwa. Lile jiwe la kijivu alilokuwa akilificha nyuma ya choo na kukataa kuliuza, sasa tumejua alikuwa anamwekea nani. Lipo, nimelifunika gunia.

Njoo mvua zikiisha. Nimekusemea mbele ya watu, usinivue nguo.

Shangazi yako

&nbsp;

Tarehe 2 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yamepunguza kelele. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu huko. Ninakula, Shangazi. Mkate na mayai, mayai na mkate.

Barua yako niliisoma kazini, chooni, kwa sababu ndiko pekee msimamizi hafiki. Nilipofika pale kwenye "maji yanatosha" nililia hadi mtu wa choo cha pili akanigongea ukuta. Niliomba ruhusa ya kuja kuzika. Msimamizi akasema niende tu, ila nisirudi, na karatasi zangu za kuishi nchi hii anazo yeye. Nikabaki. Siku mliyomzika nilikata meza ya jikoni ya watu wenye harusi.

Hujawahi kuniuliza vizuri kazi yangu ni nini, nami nimekuwa nikijibu "mawe" kwa mkato. Ni karakana ndefu yenye mlango wa bati. Tunakata mabamba ya kuwekwa juu ya meza za jikoni, tunatoboa tundu la sinki, tunalainisha kingo mpaka zing'ae. Hakuna herufi hata moja. Babu angeuliza, "Sasa jiwe hilo linasema nini?" Halisemi kitu. Linafutwa kwa kitambaa, basi.

Nitakuja. Mwambie Baba Mkubwa mtu yeyote asiguse lile la kijivu. Mvua zikiisha niko hapo, na nitalichonga kwa mkono, na wewe utanimiminia maji, na nitafanya polepole hadi wewe mwenyewe uchoke. Hilo jina la Haraka alilonibandika kwa pupa yangu ya kuchonga, nataka nilivue mbele ya kaburi lake.

Usinipigie kwa sasa, simu yangu imeharibika. Tuandikiane. Hata hivyo barua ni nzuri zaidi.

Mwanao, Haraka

&nbsp;

Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, ila tumelowa. Mvua imekuja kama inadai. Paa la karakana ya Babu linavuja pale pale lilipokuwa likivuja, na mimi naweka ndoo pale pale, nikigeuka namtafuta aniambie nimeweka vibaya.

Jumapili nilikwenda makaburini. Kaburi limeshuka kiganja kizima upande wa miguuni. Upande wa kichwani bado, amekaza kichwa kama tabia yake. Nilikaa nikamweleza habari za mtaa. Fundi viatu amemrudia mke wake, mke wake hajamrudia yeye. Nilicheka peke yangu pale, mlinzi wa makaburi akanitazama mara mbili.

Sasa sikiliza. Baba Mkubwa amekuja na picha za mawe ya tayari. Ni bamba jeusi, linang'aa mpaka unajiona meno, halina mshipa wala kovu. Jina linachapwa na mashine. Nilimuuliza bei yake akaniambia nisiulize bei ya heshima. Kwa mtu mwenye mkono wa birika kama kaka yangu, ukiona hajali bei ujue kaumia kweli. Anasema wewe huji. Anasema waliokwenda huko wote husema mvua zikiisha, na mvua haziishi. Nilimjibu kwa ukali, lakini usiku maneno yake yalinilaza macho.

Wewe unayajua mawe hayo? Ni mazuri kama yanavyoonekana? Niambie ili nipate la kumjibu.

Na hiyo simu fundi gani anayeitengeneza, mbona haiponi?

Shangazi yako

&nbsp;

Tarehe 8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mvua.

Ninayajua mawe hayo. Ndiyo ninayoyakata. Ndiyo haya haya.

Lile si jiwe, Shangazi. Ni mawe yaliyosagwa yakawa unga, yakachanganywa na gundi, yakashindiliwa na kupikwa yakawa bamba. Ndiyo maana halina mshipa. Ukilikata linarudi kuwa unga. Vumbi lake ni laini kuliko poda ya mtoto, halikai chini, linaelea mpaka jioni. Tunatoka mlangoni weupe kope na nyusi, tunachekana, tunaitana vizee. Mwanzoni nilimwomba msimamizi tukate kwa maji. Nilimwambia nilifundishwa hivyo. Alinijibu kwamba maji yanachafua sakafu na yanachelewesha, wateja wanasubiri. Tukapewa barakoa za karatasi. Ikilowa pumzi, unaivua, maana huwezi kuvuta hewa.

Yule mwenzangu wa kitanda cha juu, niliyekwambia anaimba vibaya, alirudishwa kwao mwezi uliopita. Amefika, ila hakufika mzima. Kitanda chake wamempa mtu mwingine, kijana mwenye nguvu, hajui lolote.

Nakuomba kitu kimoja tu maishani mwangu. Bamba lile lisiwekwe juu ya Babu. Mweke chini ya nyasi, mweke chini ya kijiti chake, ila si hilo.

Sitaweza kuja mvua zikiisha kama nilivyosema. Kuna daktari anataka kunipiga picha ya kifua, ni mambo ya kawaida, kila mfanyakazi anapigwa. Nisubiri kidogo.

Haraka

&nbsp;

Tarehe 25 Julai

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu wewe umelisahau. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma nikitafuta ulipoandika "mimi ni mzima wa afya" na sikupaona. Hata mwisho hukutia "mwanao". Babu alikuwa akisema mtu akiruka salamu, kuna kitu amekikalia.

Unaniona mimi mjinga? Simu yako haijaharibika. Hupigi kwa sababu barua haikohoi.

Nitakwambia kitu ambacho pengine Babu hakukwambia, maana ulikuwa mdogo na yeye hakupenda kukirudia. Alikuwa na mdogo wake, walianza kazi hii pamoja machimboni. Mdogo mtu alikuwa mwepesi. Alikata kavu, alimaliza mawe mawili Babu akiwa kwenye moja, na watu walimsifu sana. Kisha akaanza kukohoa. Mwishoni alilala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi haziji. Babu alimchongea jiwe, na ndipo alipoenda sokoni akanunua birika. Mimi nilipofikisha umri wa kushika kitu bila kukiangusha nikapewa kazi ile. Nilidhani ananichezesha tu. Kumbe alikuwa ananiweka kati yake na kifo, na mimi nikimmiminia maji nadhani tunacheza.

Sasa niambie daktari amesema nini. Usinifiche kwa kunionea huruma, huruma ya namna hiyo siitaki. Baba Mkubwa ameshaagiza lile bamba. Hilo niachie mimi. Wewe rudi nyumbani, hata bila karatasi, hata bila sanduku.

Shangazi yako

&nbsp;

Tarehe 20 Septemba

Mwanangu Haraka,

Hujanijibu. Naandika tena, maana kukaa kimya wote wawili ni uchoyo. U hali gani?

Bamba lilikuja. Walilileta kwenye gari na wanaume wanne, Baba Mkubwa mbele na koti lake la misiba. Mimi nilikuwa nimetangulia. Nilichukua kigoda na mwavuli, nikaketi juu ya kaburi la baba yangu, nikafungua mwavuli. Wanaume wakamtazama kaka yangu, kaka yangu akanitazama mimi. Akasema nimemwaibisha. Nikamwambia nitamsomea barua yako kwa kichwa, asikilize. Nikayasema yote, vumbi, kope, yule wa kitanda cha juu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo mtoto anaumwa?" Akawaambia wale watu warudishe garini.

Bamba sasa liko kwake, mkewe amelifanya meza ya jikoni. Akifuta unga wa ngano juu yake, huniambia anakukumbuka wewe.

Kaburi limeshuka lote, hata kichwani. Liko tayari. Na mimi, kwa kuwa wewe umenyamaza, nimechukua tindo.

Usicheke. Kalamu naijua, lakini tindo mkono unafuata kile jicho lilichozoea. Nilitafuta kipande cha jiwe bovu nijaribu jina la Babu, nikakaa kwenye kigoda chake, upande wake, kama fundi. Nikapiga siku nzima, nikajimiminia maji kwa mkono mwingine, nikajilowesha sketi. Fundi viatu akapita, akainamisha shingo, akauliza, "Hili ni la popo?" Nikatazama. Herufi zote zilikuwa miguu juu! Mwanangu, miaka yote nimekaa mbele yake, jiwe liko katikati yetu. Kila herufi aliyoichonga mimi nimeiona ikiwa imesimama kwa kichwa. Mkono wangu haujui nyingine.

Nilicheka, kisha nikalia, fundi viatu akaondoka taratibu.

Niandikie. Hata neno moja. Kama ni baya, liandike baya.

Shangazi yako

&nbsp;

Tarehe 4 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi si mzima.

Nimeona nianze hivyo, ili usitafute. Mapafu yangu yamekuwa magumu, daktari alinionyesha kwenye picha, ni kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikamuuliza dawa. Akaanza kutazama kalamu yake. Karakanani hawanitaki tena, karatasi wamenirudishia haraka sana, zile walizokuwa wananinyima wakati wa msiba.

Nilicheka yale ya popo mpaka wenzangu wakaja kunishika mgongo. Nilihitaji kucheka, asante.

Shangazi, kosa si mkono wako, ni kiti. Usikae upande wa Babu. Kaa upande wako ule ule uliokaa siku zote, kichwani mwa jiwe, na uchonge jinsi unavyoziona. Kwako zitakuwa miguu juu, kwake yeye zitakuwa sawa. Mimi nitakaa kwenye kigoda cha Babu nikikutazamia, na birika nitalishika mimi. Nyundo siiwezi tena, nisikudanganye. Birika nadhani nitaliweza.

Liandike jina lake, na chini yake neno moja tu, FUNDI. Watu watamwekea maua wakitaka, ila maneno yasizidi hapo.

Naja wiki ijayo. Usije na watu wengi kunipokea, sipendi waone ninavyopanda ngazi.

Mwanao

&nbsp;

Kwenye karatasi ya daftari, Jumanne

Shangazi, nakuandikia kwa sababu kusema kunakula pumzi na nimebakiwa na chache, bora nizitumie kupumua. Kitanda cha Babu ni kizuri, dirisha linaona uani kote. Mto wa tatu umenisaidia, sasa nakaa vizuri. Jana ulipita na tindo na nyundo ukijidai huniangalii. Nilikuona.

H.

&nbsp;

Nyuma ya karatasi ile ile

Nilikuwa natazama njia nisijikwae, wewe nani nikuangalie. Kunywa uji. Bakuli likirudi limejaa tutagombana, na mimi ndiye mwenye pumzi.

Shangazi

&nbsp;

Ijumaa

Tindo yako naisikia kutoka hapa. Babu alipiga mara tatu halafu akanyamaza, tatu halafu kimya. Wewe unapiga mfululizo kama mwenye deni. Pumzika katikati. Katika kule kunyamaza ndipo alipokuwa anatazama.

Leo nimekulowesha mapaja yote. Birika lilinizidi nguvu. Samahani, lakini si samahani sana, uliruka kama mbuzi.

H.

&nbsp;

Jumatatu

Nimepiga tatu, nimenyamaza. Ulisema kweli. Katika kile kimya nimeona herufi ya pili imelala kidogo upande, nikairekebisha kabla hujanisuta.

Baba Mkubwa alikuja ukiwa umesinzia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, hakuingia. Ameniuliza unatumia dawa gani, nikamwambia, akasema atazitafuta hata nje ya nchi. Nikamwacha aseme. Anahitaji kitu cha kutafuta.

Kesho kama hali hairuhusu, usitoke. Nitaning'iniza kopo lenye tundu juu ya jiwe, lidondoshe lenyewe.

Shangazi

&nbsp;

Jumanne

Kopo! Nitatoka. Nibebeni na kiti.

&nbsp;

Alhamisi

Shangazi, leo nimeona jina lake lote. Nilikuwa nimekaa pale alipokaa yeye na nililisoma sawasawa, na wewe kule ulikuwa umelichonga kinyume bila kukosea hata mkia mmoja. Nilitaka kukusifu kwa mdomo, nikashindwa. Ndiyo maana nakusifu hapa.

Naogopa. Nilidhani sitaogopa nikifika nyumbani. Si kufa, ni zile dakika kabla, hewa inapokataa kuingia. Ukinisikia usiku usikimbilie kuita watu. Kaa tu nami unishike mkono.

Limebaki neno la chini. Ukimaliza, kaliweke, hata nikiwa kitandani. Kaburi limeshashuka, Babu asisubiri tena kwa ajili yangu.

Na langu usiliharakishe.

Mwanao

&nbsp;

Jumapili, asubuhi

Mwanangu, herufi ya mwisho imekaa. Umelala vizuri tangu alfajiri sikutaka kukuamsha, nikamalizia na kopo, unisamehe. Nimeliosha, limekauka, limesimama hapo ukutani mkabala na dirisha lako. Ukifumbua macho utaliona lote.

Ukiamka andika chini hapa unalionaje. Usinisifu bure.

Shangazi

&nbsp;

Tarehe 14 Agosti, mwaka wa pili

Mwanangu Haraka,

Salamu. Mimi ni mzima, magoti ni yale yale. Hali yako siulizi.

Ile karatasi ya Jumapili ninayo. Chini yake hakuna kitu. Nimeiweka pamoja na barua zako zote ndani ya birika la zamani, lile lililotoboka.

Sikuja kukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na habari. Nilikuwa nasubiri. Watu wamenisema sana. Wameona Babu ana jiwe zuri, wakaona ubavuni kwake kijana amelala miezi yote hii chini ya kijiti na kibati, wakasema shangazi mtu ana roho ngumu. Nimetia pamba masikioni. Uliniambia nisiliharakishe, na sheria ya Babu ni moja kwa wazee na kwa vijana. Mvua zilipoanza nilikwenda kila Jumapili. Wewe ulishuka upesi, kote kwa pamoja, hukukaza kichwa. Nilikasirika kidogo. Nilitaka uchelewe.

Nilidhani nitapoa lakini sijapoa. Nikisikia mtu anakohoa sokoni naacha nilichokuwa nanunua. Nikiingia kwa Baba Mkubwa sikai jikoni. Naye siku hizi hali chakula kilichoandaliwa juu ya lile bamba, na mwezi uliopita alilibeba na wanawe akalipeleka kulizika nyuma ya uwanja, kwenye shimo refu. Hakutaka livunjwe, alisema vumbi. Mkewe sasa anakandia unga kwenye mbao na hajalalamika.

Jiwe lako nilikwenda kulichagua mwenyewe machimboni. Ni la kijivu kama la Babu, dogo kidogo, lina mshipa mwekundu unaokatiza pembeni. Nilifikiri kuandika FUNDI chini ya jina lako pia. Nikamuuliza Baba Mkubwa. Akasema tuandike Haraka peke yake, kama Babu alivyokuita, kwa kuwa hilo jina la kwenye karatasi walilitumia wale wa huko. Nikakubali. Sijui kama utakasirika, maana ulitaka kulivua.

Leo tumeanza. Mimi nimekaa upande wangu, kichwani mwa jiwe. Nilikuwa nimeshaning'iniza kopo. Akaja Baba Mkubwa, hana koti, amekunja suruali mpaka magotini, ana miguu myeupe kama ya mgonjwa maana hakuna aliyewahi kuiona. Akalishusha kopo. Akaketi kwenye kigoda cha baba yetu bila kuniuliza, akachukua birika, akalishika kwa mikono miwili.

Akaniuliza, "Nimimine wapi?"

Nikamwambia pale tindo inapopiga, na asiache mpaka nimwambie maji yanatosha. Anamimina mengi mno, mtu yule aliyekuwa haachi tone la chai libaki kwenye kikombe cha mgeni. Uani kote ni tope, viatu vyangu vimelowa. Nimepiga tatu, nimenyamaza, nimetazama. Nimeacha kidogo nikuandikie hii, naye yupo pale pale, ameinamia jiwe, anaendelea kumimina. Sijamwambia bado.

Shangazi yako